Nguvu ya Kurusha

Ukuta wetu ni moto uliopoa.
Baba aliupanga jiwe kwa jiwe mwaka uliofuata mlipuko,
lava ile ile iliyotumezea nyumba ya Birere,
akasema: safari hii itatulipa.
Hakujua kwamba baada ya miaka ishirini
jiwe hilo litakuwa bado na njaa.

Sanduku jeupe liko sebuleni, juu ya kabati la vikombe,
antena mbili zimesimama
kama masikio ya sungura aliyesikia chukudu ikiteremka.
Mimi nalala chumba cha nyuma.
Kati yetu kuta mbili,
kila moja nene kama mkono, kidole hadi kiwiko.

Mji huu haushangai na visivyoonekana.
Mazuku hulala mabondeni bila harufu, mbuzi akiingia hatoki,
na mama alitukataza kulala chini.
Kwa hiyo sikubisha nilipoambiwa
kwamba hewa ya korido imejaa maneno.

Umeme uliporudi, saa tano usiku,
nilifungua mipangilio nikakuta mstari mmoja:
nguvu ya kurusha.
Nikaisukuma mpaka mwisho wa kulia,
kama mtu anayeshindilia gunia la makala kwa goti.
Vijiti vyote vinne vikajaa kwenye simu.
Nikamwandikia Masika, kule Butembo:
*Mtoto ameacha kutapika?*
Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka mpaka maji ya fufu yakachemka.
Vijiti vinne, na swali halijatoka chumbani.

Mbusa, anayetengeneza simu Ndosho chini ya mwavuli uliopasuka,
hakuinua hata kichwa.
"Dada, sanduku lako linapiga kelele.
Simu inalisikia hata ukiipeleka chooni kwa jirani.
Lakini nayo lazima ijibu,
na simu ni kitu kidogo, hakina kifua.
Inajibu, sanduku halisikii.
Linaona kimya, linarudia."
Akapuliza vumbi kwenye skrini ya mtu mwingine,
akanidai faranga elfu moja.

Elfu moja.
Nilitembea nayo kichwani mpaka nyumbani.

Kwa sababu baba alisaga mahindi ya watu miaka kumi na tisa,
na mashine ile ilichukua mshahara wake masikioni.
*Kanyere!* huita kutoka sebuleni,
na mwenye pikipiki barabarani hugeuka.
*Nakuja, baba*, hujibu mimi, nyuma ya kuta mbili.
*Kanyere!*
*Nakuja.*
*KANYERE!*
Miaka yote hiyo nilidhani ni hasira.
Na mwaka fulani, sikumbuki upi, niliacha kujibu.

Usiku huo nilishusha nguvu hadi asilimia arobaini.
Nikalitoa sanduku kabatini,
nikalitundika koridoni kwa msumari uliokuwa wa kalenda.
Vijiti vikabaki viwili.
Swali likaenda kabla sijaondoa kidole.
*Ameacha. Amekunywa uji. Mbona hulali?*

Asubuhi, vijana wawili wa kwa Mama Furaha,
ambao siku zote huinama nyuma ya ukuta wetu
kama watu waliopoteza sindano,
walionekana wamekaa kwenye ngazi ya mlango.
"Jambo, dada," walisema, bila aibu yoyote.
Hatukuwahi kusalimiana hapo kabla.

Halafu ile sauti: *Kanyere!*

Sikujibu kutoka chumbani.
Nilihesabu hatua, ni kumi na moja,
nikapita chini ya sanduku na taa yake ya kijani,
nikachuchumaa upande wa kushoto wa kiti chake,
kwenye sikio ambalo bado lina kitu.
"Nipo."

Akanitazama kidogo, kama anayetafuta alichotaka.
Kisha akasema, kwa sauti
ambayo hata mbuzi wa jirani hakuisikia:
"Chumvi mmeiweka wapi?"